Daudi Aliondoka Keila

Hakuna maneno tunayoyasema kwa wepesi msibani kama haya: siku yake ilikuwa imefika. Kijana ametoka na pikipiki usiku, amekunywa, kofia ngumu ameitundika kwenye usukani, nyuma amepakia watu wawili. Asubuhi turubai limefungwa uani, akina mama wako jikoni, wazee wamekaa kwenye viti vya plastiki, na mmoja wao anatikisa kichwa na kusema Mungu ndivyo alivyopanga. Wenzake wanaitikia. Ajali haina kinga. Kazi ya Mungu haina makosa.

Ninajua wanaosema hivyo wanafariji. Mama aliyefiwa hahitaji mahubiri siku hiyo. Anahitaji mtu wa kukaa naye chini na kulia naye. Lakini wewe unayesoma hapa hujakaa matangani, kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka: tunamsingizia Mungu. Tunamtwika pombe ambayo hakuinywa, tunamtwika mwendo ambao hakuukimbiza, kisha tunaita hiyo imani.

Tena jambo hili haliishii barabarani. Mume anampiga mkewe, mke anakwenda kwa wazee wa kanisa, anaambiwa huo ndio msalaba aliopangiwa. Kijana anakunywa kwa kuwa baba alikunywa na babu alikunywa; anasema ni laana ya ukoo, na yeye ni nani ashindane na ukoo? Mwingine ameiba fedha za kikundi, na akibanwa anasema Mungu alijua tangu zamani kwamba nitaanguka. Ukichimba chini ya maneno yote hayo unakuta hoja moja. Mungu anajua yote, hata ya kesho. Kama anajua kwamba kesho nitaanguka, haiwezekani nisianguke, maana Mungu hakosei. Na kama haiwezekani nisianguke, kosa langu liko wapi?

Hoja hiyo usiidharau. Imewanyima usingizi watu wenye akili na uchaji kutuzidi sisi. Hata hivyo Biblia haikutuacha gizani. Fungueni kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 23, someni polepole, maana tumezoea kuipita mbio tukielekea kwenye habari za pango la Engedi.

Keila ni mji wa Yuda, karibu na nchi ya Wafilisti. Wafilisti wamekuja kupora nafaka kwenye viwanja vya kupuria. Daudi wakati huo ni mtoro, Mfalme Sauli anamwinda, na watu wake wamejaa hofu. Anamwuliza Bwana mara mbili kama aende. Anakwenda, anapigana, anawaokoa watu wa Keila, anaingia mjini mwao. Habari zinamfikia Sauli, naye anatangaza kwamba Mungu ndiye aliyemtia Daudi mkononi mwake, kwa kuwa amejiingiza mwenyewe kwenye mji wenye malango na makomeo. Liangalieni jambo hili kwa makini. Mtu wa kwanza katika sura hii kusema Mungu amepanga ni mtu aliyetoka kuamuru makuhani 85 wa Nobu wauawe.

Daudi hasemi hivyo. Anamwita Abiathari, mwana wa kuhani aliyeponyoka Nobu, alete naivera, vazi la kikuhani, naye Daudi anamwuliza Mungu maswali mawili. Je, Sauli atashuka? Mungu anamjibu kwamba atashuka. Je, watu wa Keila, hawa hawa niliowaokoa, watanikabidhi kwake? Mungu anamjibu kwamba watamkabidhi.

Sasa Daudi afanye nini? Kwa imani yetu ya matangani, angekaa pale pale. Angewaaga watu wake, angeusia mali yake, angesema Mungu ameshanena na Mungu hasemi uongo, basi tungoje. Daudi alifunga mizigo! Aliondoka na watu wake wapatao 600, wakaenda kokote walikoweza kwenda. Sauli akapata habari kwamba Daudi ameponyoka, akaacha safari yake. Hakushuka Keila. Wala watu wa Keila hawakumkabidhi mtu yeyote kwa mfalme.

Je, Mungu alikosea? Hasha! Mungu alimwambia Daudi kweli tupu kuhusu Keila ya mtu anayekaa. Aliyaona malango yakifunguliwa, aliwaona wakubwa wa mji wakinong'onezana, aliiona siku ambayo haikuja. Na wakati huo huo alijua kwamba Daudi ataamka na kuondoka. Ujuzi wa Mungu ni mpana kuliko tulivyodhani. Anaijua njia utakayopita, anaijua na ile utakayoiacha, na nani angekuwa anakuvizia huko. Bwana Yesu aliiambia miji ya Korazini na Bethsaida kwamba Tiro na Sidoni wangetubu zamani kama wangeona miujiza ile. Anaijua hata toba ambayo haikutubiwa.

Mwaka 1588 Mjesuiti wa Hispania, Luis de Molina, alichapisha kitabu Lisbon juu ya neema na hiari ya mwanadamu, na habari hii ya Keila aliitegemea. Wadominikani walimpinga vikali, ugomvi ukafika Roma, na mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano akaufunga bila kumtangaza mshindi, akawakataza kulaumiana kwa uzushi. Sikupeleki kwenye ugomvi ule. Ninataka uione miguu ya Daudi ikitoka langoni.

Na hapa nina neno kwa dada yule aliyeambiwa kipigo ni msalaba wake. Dada yangu, Daudi aliondoka. Mungu alipomwonyesha hatari hakumwambia avumilie ili imani yake ionekane, wala hakumwambia kwamba kukimbia ni kukosa uaminifu kwa mji aliouokoa kwa jasho lake. Kama unajua kwamba leo usiku mkono ule utainuka tena, Mungu hakukuacha ulijue hilo ili uketi ukingoje. Chukua watoto. Nenda kwa mtu unayemwamini, nenda kituo cha polisi, sema. Mzee wa kanisa atakayekuzuia kwa jina la mpango wa Mungu anasema maneno ya Sauli, hata kama ameshika Biblia.

Zaidi ya miaka 400 baada ya Daudi, mfalme mwingine wa Yuda alitaka kujua yajayo. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli. Mfalme Sedekia anamwita nabii Yeremia kwa siri, kwenye mlango wa tatu wa nyumba ya Bwana. Yeremia ametoka kuvutwa juu kwa kamba na matambara na Ebedmeleki Mkushi, kutoka kwenye shimo la matope alimotupwa afe. Mfalme anamtaka asimfiche neno lolote. Yeremia hamfichi. Ukitoka ukajisalimisha kwa wakuu wa mfalme wa Babeli, utaishi, na mji huu hautachomwa moto. Usipotoka, mji utachomwa, nawe hutaponyoka. Njia mbili, na mwisho wa kila moja umewekwa wazi mezani.

Mnajua Sedekia alijibu nini? Hakusema kwamba haamini. Alisema anawaogopa Wayahudi waliokwisha kwenda upande wa Babeli, wasije wakamdhihaki. Mfalme ameshika uhai wa mji mzima kiganjani, na kinachomzuia ni kuchekwa! Alibaki. Ukuta ulibomolewa, akatoroka usiku, akakamatwa kwenye nyanda za Yeriko, akapelekwa Ribla. Wanawe walichinjwa mbele yake, kisha akang'olewa macho. Mji na hekalu la Sulemani viliteketezwa, kama mwaka 586 kabla ya Kristo.

Daudi aliuliza, akaambiwa, akaondoka. Sedekia aliuliza, akaambiwa, akabaki. Mungu ni yule yule, na ujuzi ni ule ule. Niambie sasa, nani aliyemfunga Sedekia? Ndugu yangu uliyeshikwa na pombe, ukoo wako haukukufunga kuliko ulivyofungwa na kicheko cha wenzako wa kijiweni. Unajua wazi ukiacha leo watasema umekuwa mlokole, wiki mbili utarudi. Waache waseme! Sedekia alikiogopa kicheko, akapoteza macho na watoto.

Siku hizi tunafurika kwa manabii kutafuta kujua. Tunanunua maji, tunanunua mafuta, tunataka tuambiwe nani ametufunga, nyota imekwenda wapi, mwaka ujao umebeba nini. Sedekia naye alitaka kujua, na nabii aliyempata alikuwa wa kweli, hakumtoza hata shekeli. Haikumsaidia. Mtu asiye tayari kusogea pale Mungu anapomwambia sogea, hata Yeremia mwenyewe akimjia sebuleni hatamfaa kitu.

Lakini ninamsikia mmoja akiniuliza: hayo yalikuwa maonyo yenye sharti, vipi pale Mungu anapoahidi bila sharti? Hapo si kazi imekwisha, mwanadamu akae tu?

Nenda Matendo ya Mitume, sura ya 27. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi, na dhoruba imeisukuma merikebu siku nyingi bila jua wala nyota. Malaika anamjia usiku, anamhakikishia kwamba atasimama mbele ya Kaisari na kwamba Mungu amempa watu wote waliomo chomboni. Watu 276, hatapotea hata mmoja. Ahadi imetoka, haina lakini. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanateremsha mashua ndogo, wanajifanya wanakwenda kutia nanga upande wa mbele, kumbe wanatoroka. Paulo anawaona. Na Paulo huyu huyu, mwenye ahadi ya malaika moyoni, anamwambia akida na askari kwamba hao wasipobaki chomboni, nyinyi hamwezi kuokoka. Askari wanakata kamba za mashua, inaanguka baharini.

Paulo hakuona mgongano wowote. Mungu aliyeujua mwisho aliijua na kamba, alimjua na askari mwenye upanga wa kuikata, na alimjua Paulo ambaye angepiga kelele kwa wakati. Baada ya hapo Paulo anawasihi wale chakula, wanapunguza shehena kwa kutupa ngano baharini, akida anawazuia askari wasiwaue wafungwa, wanaojua kuogelea wanajitosa, wengine wanashika mbao. Wote 276 wakafika Malta salama, wamelowa, wamechoka, wako hai. Ahadi ya Mungu ilitimia kwa mikono yenye malengelenge. Kwa hiyo usiniambie umemwachia Mungu ndoa yako nawe hujazungumza na mkeo tangu mwezi uliopita, wala usiniambie Mungu anajua hatima ya mwanao nawe hujui usiku huu yuko wapi.

Nafika sasa kwenye lililo gumu kuliko yote, nami sitalikwepa. Keila ilikuwa siku ambayo haikuja. Vipi siku ambayo Mungu aliijua, akaitamka, na ikaja?

Usiku wa karamu ya mwisho Yesu alimwambia Simoni Petro kwamba kabla ya jogoo kuwika atamkana mara tatu. Petro akaapa haiwezekani. Saa chache baadaye, uani kwa kuhani mkuu, kijakazi mmoja alimtazama kwenye mwanga wa moto, na yule mvuvi aliyechomoa upanga bustanini akasema simjui mtu huyu. Mara tatu. Jogoo akawika. Je, Petro angeweza kufanya vingine?

Cicero, msemaji mkuu wa Rumi ya kale, aliona kwamba ujuzi wa yajayo na hiari ya mwanadamu havikai chungu kimoja. Akautupa ujuzi ili abaki na hiari. Wapo hata leo wanaotaka kumpunguzia Mungu ujuzi kwa sababu hiyo hiyo. Mungu asiyeijua kesho hawezi kuniahidi chochote, na mimi simtaki. Augustino alimkatalia Cicero. Alikuwa Mwafrika, mzaliwa wa Thagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria, mwaka 354, na baadaye askofu wa Hippo. Katika kitabu cha tano cha kazi yake kubwa juu ya mji wa Mungu anasema Mkristo anakiri yote mawili, ujuzi na hiari. Utashi wangu nao umo katika mambo ambayo Mungu anayajua, na anaujua jinsi ulivyo, yaani kama utashi. Alichokijua kuhusu Petro ni kwamba Petro mwenyewe atakana. Ukimwondolea Petro hiari yake, umekiondoa kile kile ambacho Mungu alikijua.

Mwanafalsafa Boethius aliongeza neno lingine katika kitabu alichoandika kama mwaka 524, akiwa kifungoni kwa amri ya Mfalme Theodoric, akingoja kuuawa. Alisema Mungu hachungulii mbele kama sisi. Yote yako mbele yake kwa pamoja, kama sasa. Na ukimwona mtu anatembea njiani, kumwona kwako hakumsukumi miguu. Boethius angekuwa na haki kuliko sisi sote kusema imeandikwa, basi. Badala yake alikimaliza kitabu chake kwa kuwahimiza watu waache uovu, watende mema na wamwombe Mungu.

Mimi ninabaki uani na Petro. Nani aliusogeza ulimi wake? Malaika? Shetani alikuwa ameomba kuwapepeta, ni kweli, lakini hakuna mkono uliomfumba wala kumfumbua Petro kinywa. Alikuwa anaota moto, akaogopa. Na Luka anatuambia jambo ambalo linanitoa machozi kila ninapolifikia. Kabla hajamtabiria anguko, Yesu alimwambia amekwisha kumwombea imani yake isitindike, na akampa kazi ya kufanya atakaporudi: awaimarishe ndugu zake. Aliliona anguko, akaona na kurudi, akatangulia kwenda kumngoja huko. Maombi yalifika kabla ya dhambi! Ndiyo maana hatusemi kwamba Petro alijiinua kwa nguvu zake. Kanisa la Afrika lililokutana Karthago mwaka 418 lilikataa mafundisho kwamba mtu anaweza kutimiza amri za Mungu bila neema. Utashi wetu ni mgonjwa, na Yesu anauombea upone.

Na Yuda aliyemsaliti Bwana? Alijulikana vile vile. Lakini hesabu milango aliyofunguliwa. Yesu alimwosha miguu usiku ule ule, akampa tonge kwa mkono wake mwenyewe, na bustanini, mbele ya marungu na mienge, akamwita rafiki. Kama ujuzi wa Kristo ungekuwa umemfunga, tonge lile lilikuwa la nini? Siamini kwamba Bwana wangu aliigiza upendo. Yuda alijuta, akarudisha vipande 30 vya fedha, lakini akavirudisha kwa makuhani waliomwambia hayo shauri lake, akaenda peke yake. Petro alilia kwa uchungu, akarudi kwa wenzake. Wote wawili walijulikana mapema, wote wawili walianguka, wote wawili walijuta moyoni. Mmoja alirudi kwa watu waliokuwa na Yesu.

Siku 50 baada ya Pasaka ile, Petro alisimama Yerusalemu, mji ule ule alimomkana Bwana wake, akawaambia maelfu ya watu maneno mawili kwa pumzi moja: Yesu alitolewa kwa shauri la Mungu lililokusudiwa na kwa ujuzi wake wa tangu awali, na nyinyi ndio mliomwua kwa mikono ya watu waovu. Hakulificha shauri la Mungu ili awalaumu, wala hakuipunguza lawama yao kwa sababu ya shauri la Mungu. Mtu aliyewahi kusikia jogoo anajua kusema hivyo.

Nao wale walikuwa na udhuru mkubwa kuliko udhuru wowote utakaopata wewe. Mhubiri mwenyewe ametoka kuwaambia kwamba msalaba ulijulikana na Mungu tangu awali! Wangeweza kuitikia kama tunavyoitikia matangani, kwamba ndivyo ilivyopangwa. Walichomwa mioyo, wakauliza tufanye nini. Petro aliwaambia watubu na wabatizwe, kila mmoja wao, na siku hiyo hiyo wakaongezeka watu kama 3,000.

Wewe je? Lipo jina ambalo limekuwa likikujia tangu ulipoanza kusoma ukurasa huu, la mtu uliyemkosea, au mtu unayejua atakuumiza ukibaki, au mtoto uliyemtelekeza. Mungu anajua utakalofanya baada ya hapa, wala hilo halikuzuii kulifanya. Simu iko mfukoni mwako. Kama fedha za kikundi uko nazo, mwenyekiti wenu anakaa mtaa gani? Nenda kwake leo, jua halijazama.